Utosi Ulioondoka na Kisogo Kilichobaki

Nateete, Kampala
Alhamisi, baada ya alasiri

Kwa Maalim Mahmoud,
Mjomba wangu mheshimiwa, Lubaga.

Assalamu alaikum, Mjomba. Natumai barua hii itakukuta u mzima, umeketi barazani, na kofia iko mahali pake, yaani kichwani. Kama umeivua, tafadhali ivae kwanza ndipo uendelee kusoma, maana jambo lenyewe linaihusu.

Ulitufundisha madrasani kwamba lalamiko la mdomo ni umbea na lalamiko la maandishi ni haki. Ndiyo maana mimi mpwa wako Wasim, ambaye ningeweza kuja kwako kwa miguu, nimeshika kalamu. Jumapili hii tunakwenda kumposa Husnah, binti wa Mzee Abdul-Latif muuza vitambaa. Baba yangu hayupo tena duniani, na kwa desturi yetu msemaji wangu ni wewe. Husnah hajawahi kuniona bila kofia. Nampenda, Mjomba, nasema wazi, na naogopa kumpoteza kwa sababu ya kichwa. Kwa hiyo naomba uyapokee malalamiko yafuatayo kwa moyo mkunjufu.

1. Kuhusu wembe. Mama yangu, dada yako Mwanawetu, amenisimulia siku ya akika yangu. Wewe ndiye uliyepewa heshima ya kuninyoa nywele za tumboni. Anasema ulianza na paji la uso kwa ustadi mkubwa, ukapanda utosini, ukikwangua na kuomba dua, ukarudia tena kwa usalama. Ulipofika kisogoni pilau ikaepuliwa. Huko nyuma ulipitisha wembe kama mtu anayefuta vumbi mezani. Leo hii mbele hakuna kitu, utosini hakuna kitu, na kisogoni kuna msitu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nywele zangu za mbele zililelewa kwa vitisho tangu siku ya saba, zikakua zikijua kwamba hapo si kwao.

2. Kuhusu utaalamu. Ili nisikusingizie, nilikwenda kwa daktari wa ngozi, Daktari Aciro, mwenye kliniki yake upande wa Mulago. Nilimweleza habari ya wembe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nivue kofia, akatazama, akaguna. Akasema wembe hukata unywele tu, hauufikii mzizi, na kwamba Mjomba hana kosa. Nimeona ni vyema ulijue hilo, ingawa sikubaliani nalo.

Maelezo yake ni haya. Homoni ya kiume husafiri na damu na kuifikia mizizi yote ya nywele. Lakini mizizi ya panja, ya mbele na ya utosini imeumbwa kuisikia mno. Ikishaisikia, kila unywele unaoota upya huwa mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, mpaka panabaki manyoya ya kifaranga, kisha hata hayo huaga. Mizizi ya kisogoni na ya juu ya masikio haiisikii kiasi hicho, ndiyo maana imestarehe. Wapo wataalamu wanaodhani ni kwa sababu ngozi ya mbele na ya nyuma hazikuanzia mahali pamoja tulipokuwa bado tumboni. Nilipouliza kama homoni hiyo ina kazi yoyote ya maana, akanionyesha ndevu zangu. Ndiyo hiyo hiyo inayoziotesha. Homoni moja, mtu mmoja, sera mbili: kidevuni inakaribisha wageni, utosini inafukuza wenyeji.

3. Kuhusu haki. Mafuta ya nazi nilipaka mbele. Maji ya kitunguu nilipaka mbele, mpaka wateja wangu wa betri za magari wakawa wanaulizia mchuzi. Kisogo hakijapata hata tone, wala hakijaniletea sifa yoyote, kwani mimi mwenyewe nikitaka kukiona nahitaji vioo viwili. Sasa niambie, Mjomba, ni nani aliyebaki na ni nani aliyehama? Shukrani ya punda ni mateke. Juzi pale sokoni mtu mwenye wajukuu wake aliniita jjajja, yaani babu, akanipisha kwenye benchi. Nilikaa, maana nilikuwa nimechoka, lakini iliniuma.

4. Kuhusu urithi. Daktari aliuliza ni nani mwingine katika ukoo mwenye kichwa cha namna hii. Nikakutaja. Akasema sehemu kubwa ya tabia hiyo hupitia upande wa mama. Akaongeza haraka kwamba upande wa baba nao huchangia, na si vizuri kumlaumu ndugu mmoja. Asiyekuwepo na lake halipo, Mjomba. Baba hawezi kupokea barua, wewe unaweza. Kwako nilitarajia kurithi sauti ya kusomea Kurani, au mwandiko, au hata subira. Vyote umebaki navyo. Mwenzako akinyolewa wewe tia maji, nami nilikuona tangu utoto wangu bila kutia maji, kwa kuwa nilidhani upara ni cheti cha elimu.

5. Kuhusu Jumapili. Una mazoea yako, Mjomba. Joto likipanda unavua kofia, unaiweka gotini, unatoa leso na kujifuta kuanzia kwenye nyusi hadi shingoni, taratibu, huku watu wote wakingoja sentensi yako imalizike. Ukifanya hivyo sebuleni kwa Mzee Abdul-Latif, nami nimeketi ubavuni pako na paji hilo hilo na masikio hayo hayo, hakuna atakayehitaji mpiga ramli. Shangazi zake Husnah watakutazama wewe, wataitazama kofia yangu, na posa itakuwa imekwisha kabla ya chai.

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote ubaki nyumbani. Baba mdogo Nasif atasema badala yako. Ni kweli ameuza matairi maisha yake yote, na katika posa ya mwisho aliyosimamia alimuuliza baba wa binti kama atapunguziwa akichukua wawili. Lakini ana nywele.

6. Kuhusu suluhisho la kudumu. Ikiwa ni lazima uje, basi uje kama jirani na uketi nyuma. Daktari Aciro anasema nywele za kisogoni zikihamishwa na kupandwa mbele hudumu, kwa sababu hubaki na tabia ya kwao. Kumbe kuhamishwa hakumbadilishi mtu. Kwa mantiki hiyo, Mjomba akihamishiwa safu ya nyuma hatapungukiwa na kitu. Aidha napendekeza ukoo wetu upitishe azimio kwamba wenye vipara wote wasihudhurie posa mpaka nikahi isomwe, na kwamba wakati huo wawakilishwe na picha zao za ujana.

Najua ombi hili ni zito. Wewe ndiye uliyenilea baba alipofariki, na sikumbuki hata siku moja uliponiambia nikae nyuma. Lakini Husnah ni mmoja tu.

Nisalimie Mama Rukiah na watoto wote, wanafunzi wa madrasa, majirani wa kushoto na wa kulia, na yule kinyozi wa mtaani kwenu ambaye sijui mara ya mwisho ulikuwa mteja wake mwaka gani.

Wako mtiifu, kwa kadiri inavyowezekana,
Wasim

Tanbihi: Nilikuwa nafunga bahasha Husnah akapiga simu. Nikaona bora nimweleze mwenyewe kilichomo chini ya kofia. Alicheka mpaka nikadhani simu imeharibika. Kisha akasema, "Wasim, kichwa yako mimi najua mbele ya jina yako. Dirisha ya duka yetu inaangalia mabomba ya msikiti. Kila alasiri unavua kofia unapangusa maji, mimi nakuona." Akaniambia pia kwamba baba yake ana nywele tele mpaka leo, na mama yake hajawahi kupata zamu kwenye kioo.

Nilifurahi nikapitiliza. Nikamsimulia kwamba nimekuomba usije. Hapo hakucheka tena. Akauliza, "Mwenye alikulea ndiye unaficha? Sasa mimi nikizeeka, utanificha wapi?"

Nilitaka kuichana barua hii, akanikataza. Amesema niilete kwa mkono wangu, niketi mbele yako mpaka umalize kuisoma, ndipo atajua kama Jumapili ipo.

Basi umefika mwisho. Inua macho, unitazame. Kofia nimeshavua.