Pete ya Mama Mkwe na Tochi ya Vichwa vya Mbuzi

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepata kazi! Jumapili mama mkwe, Fransiska wa Kikwe, anatimiza miaka arobaini ya ndoa, na pete haipiti tena kidoleni. Inatakiwa kupanuliwa. Mke wangu Agnela alitaka tuipeleke kwa Nathanael, sonara mwenye duka hapa Levolosi. Nikamuuliza ya nini, na mimi nipo? Nina karakana stoo, nina nyundo, nimetazama video zaidi ya thelathini. Mama mkwe bado hunitambulisha kwa watu kama yule fundi simu. Jumapili atanitambulisha upya.

Mama mkwe alinikabidhi pete kwa mikono miwili. Ndani imekwaruzwa E na F, Ephraimu, yaani baba mkwe, na Fransiska.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeikata. Imebaki kuingiza kipande cha dhahabu na kulehemu. Nikaibana pete kwa koleo, nikawasha tochi yangu ndogo ya gesi. Dakika ishirini! Koleo lilipata moto, kidole gumba kikaungua, lehemu haikuyeyuka hata chembe.

Nikapita kwa Nathanael, kama mtu anayepita tu. Nikauliza kwa niaba ya rafiki. Akasema tochi ndogo inatosha kabisa kwa pete. Rafiki aache koleo, linakula joto lote. Aweke pete juu ya tofali la kuhimili moto, awe na subira. Nimemwelewa. Anataka nibaki na kitochi ili wateja wote wawe wake.

Jumatano, 6 Agosti

Suluhisho: Loserian wa buchani. Ana tochi ya kubabulia vichwa vya mbuzi, na mtungi wake mkubwa. Akaniazima, akanionya niitumie nje, nipake kwanza povu la sabuni kwenye mpira nione kama unavuja. Nikamwambia najua.

Nje kulikuwa na baridi ya Meru na upepo. Nikaingia stoo, nikafunga dirisha. Nikafungua gesi, nikaanza kutafuta miwani. Upande wa pili wa ukuta, Agnela alikuwa anapika ndizi. Akaja amekunja pua.

"Toka," alisema. Basi.

Akazima jiko, akafunga mtungi, akafungua milango yote. Hewa ilipokuwa safi tukautoa mtungi nje, akapaka povu kwenye maungio ya mpira, akafungua gesi kidogo. Povu likachemka! Kiberiti kilikuwa mkononi mwangu muda wote huo. Nimeandika sentensi hiyo mara mbili na kuifuta. Kwa vyovyote vile, kibanio cha mpira kilicholegea ni cha Loserian, si changu.

Alhamisi, 7 Agosti

Kibanio kipya. Nyuma ya nyumba. Agnela amesimama na ndoo ya mchanga. Tofali nimelikubali, lakini kama wazo langu.

Moto ulitoka mrefu kama mkono. Moja: pete nyekundu. Mbili: ikang'aa vizuri sana. Tatu: hakuna pete. Kuna punje ya dhahabu, ukubwa wa harage.

Nimelia. Si kwa ajili ya sifa. Miaka arobaini ya mtu nimeiyeyusha kwa kuhesabu hadi tatu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nilipendekeza tuseme imeibwa. Agnela akanishika mkono mpaka kwa Nathanael.

Hakucheka. Ningependa acheke. Mtungi wake uko nje ya ukuta, dirisha lake wazi, miwani machoni. Aliigonga ile punje ikawa ukanda, akaongeza dhahabu kidogo, akaukunja, akaulehemu kwa tochi ndogo kuliko yangu! Dhahabu ni ileile, akasema, ila herufi hatachonga mpaka mama ajue ukweli. Nimeamua kusema zilifutika wakati wa kusugua.

Jumapili, 10 Agosti

Misa nzima nilitokwa na jasho. Pete ikapita vizuri. Nikashusha pumzi, mapema mno. Wakati wa chakula mama mkwe aliniita pembeni, akaniuliza herufi ziko wapi. Nikasema zimefutika wakati wa kusugua. Akanitazama mpaka nikaanza kuhesabu punje za wali kwenye sahani yangu.

"Agnela aliniambia tangu juzi, baba. Nilitaka nisikie kwako."

Nikasema yote. Hata kiberiti. Nilitamani ardhi inimeze. Akasema mumewe alizikwaruza herufi zile mwenyewe kwa msumari, wiki waliyooana.

"Atazikwaruza tena," akasema. "Siku hizi macho hayaoni vizuri, zitakuwa mbaya zaidi. Nitazivaa hivyo hivyo."

Nikamwomba msamaha, akanisamehe. Alitaka jambo moja tu: nisiguse pete ya mtu kwa moto kabla Nathanael hajanifundisha. Nikaahidi mbele ya Agnela na baba mkwe. Nimebadilika. Nahisi kabisa.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimetafakari ile ahadi kwa utulivu. Ilihusu pete. Hereni ya Agnela, ile aliyoachiwa na bibi yake, kitanzi chake kimelegea. Hereni si pete. Tena ni nyembamba, haitahitaji hata kuhesabu hadi tatu. Nimpe raha mke wangu, amenivumilia sana wiki hii.

Agnela yuko sokoni hadi saa kumi. Kitanzi nimeshakikata.