Lalamiko Dhidi ya Wapangaji wa Ghorofa ya Tatu Wanaosafiri Kila Wiki

Pune, Jumanne

Kwa Bwana Khadilkar,
Mwenyekiti wa Kamati ya Wakazi.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini goti lako limepata nafuu. Kwa miaka thelathini na mmoja niliyoishi ghorofa ya pili nimekuandikieni malalamiko kumi na tisa tu. Naomba hili la ishirini lisomwe lote Jumapili, kabla wajumbe hawajapiga kura ya kuwaongezea mkataba wapangaji walio juu yangu, Bwana Wouter na mkewe Liesbeth, Waholanzi.

Siwashtaki kwa kelele. Hawana kelele, na ngazi wanaifagia wenyewe. Ndivyo walivyoipumbaza kamati.

1. Wanasafiri. Kila Ijumaa jioni hutoka na mabegi mgongoni, na kwa miezi minane wameona mapango ya Ajanta, magofu ya Hampi na ziwa la Lonar. Mimi nilifundisha jiografia miaka thelathini na minne, na wanafunzi wangu walilichora ziwa hilo bila kutazama kitabu. Juzi Liesbeth alinisimamisha ngazini: "Mjomba, wewe ulipofika Lonar, ulishuka mpaka majini?" Nilimjibu kwamba nawahi maziwa. Ilikuwa saa tisa alasiri. Wajumbe wanajua maziwa huja alfajiri.

2. Bakuli. Walipohamia, mke wangu Kusum aliwapelekea mikate ya dengu na sukari guru katika bakuli letu la stili. Desturi yetu ni kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu, na mtu fulani aliwafundisha hivyo. (Ni mimi.) Likarudi na kashata za karanga kutoka Lonavala. Kusum akafurahi, akalijaza tena. Tangu hapo halijapumzika. Jumatatu hushuka na ndizi za Hampi, Jumatatu nyingine korosho za Ratnagiri. Kwa hiyo kila wiki mke wangu anakula vitu vya mahali ambapo hajafika.

3. Sasa ameanza kusema. Alisema hivi, korosho ikiwa bado mdomoni: "Baba Nandini, hii imetoka Ratnagiri mpaka hapa, na haina miguu. Wewe unayo miwili." Kisha akahesabu safari nilizompeleka katika miaka arobaini ya ndoa: Alandi mara mbili, na hospitali ya macho. Nilimkumbusha kwamba Alandi ni mahali patakatifu. Akasema, "Ni mahali pa basi la mjini."

4. Hawapatwi na chochote. Niliwaonya kuhusu maji, wezi na treni. Treni ilichelewa kwa saa saba, nao wakarudi wakicheka, wamefundishwa karata na familia ya Solapur. Ndugu Mwenyekiti, maonyo hayo nimempa mke wangu tangu alipokuja kwangu akiwa bibi harusi, na yalitosha. Ikiwa watu wasiojua hata kuuliza choo kiko wapi wanakwenda na kurudi salama, mimi mwenye lugha tatu nimebakiwa na sababu gani ya kukaa nyumbani? Sababu hiyo ndiyo ninayoiomba kamati iilinde.

5. Jana Kusum alipanda ghorofa ya tatu na bakuli tupu. Tupu! Nilimsikia kwa masikio yangu: "Liesbeth, mwanangu, safari hii silijazi jikoni. Nitalijaza hukohuko." Ijumaa wanaondoka naye kwenda Badami.

Kwa hiyo naomba mkataba usiongezwe, na kura ipigwe Alhamisi, wakati mke wangu angali nyumbani.

Nisalimie mama yako mzazi, Bi. Khadilkar na wajumbe wote, isipokuwa Bwana Apte wa maegesho, ambaye anajua sababu.

Ni mimi, kwa heshima na uchungu,

Moreshwar Dandekar
Mwalimu mstaafu

Tanbihi, Jumatano: Sehemu hii isisomwe mbele ya wajumbe. Kura ibaki Jumapili, nami sitakuwepo. Kusum amenikatia na mimi tiketi ya Badami bila kuniuliza, na tangu asubuhi nagombana na Bwana Wouter, kwa sababu kiti changu kiko upande wa jua. Mkataba wao tafadhali uongezwe, tena uwe wa miaka mitatu. Nimeketi na ramani nikapiga hesabu: kwa mwendo wa mke wangu, mwaka mmoja hautatosha.