Kinyooshi Kimoja, Wajukuu Wawili

Siku Sukari alipomsikia daktari wa meno akimwambia mama mmoja aende nyumbani akasubiri, roho ilimuuma kama mtu anayeona maziwa yakimwagwa. Alikuwa anapiga deki kwenye korido ya kliniki. Mlango ulikuwa wazi, na kwenye kiti alikaa mtoto wa miaka sita mwenye safu mbili za meno ya chini: ya utoto mbele, ya ukubwani yakichungulia nyuma yake, yamekaa upande.

"Usihangaike, mama," daktari alisema. "Haya ya utoto yakishatoka, ulimi wenyewe utayasukuma hayo ya nyuma yaje mbele. Kwa watoto wengi hujinyoosha tu."

Mama akashukuru, akaondoka. Sukari aliegemea mpini wa deki akamtazama daktari kwa dharau ya dhati. Miaka yote ile ya kusoma, na bado mtu anagawa bure maneno ambayo wazazi wangeuza kitanda ili wayalipie.

Waliompa jina la Sukari walikuwa wanazungumzia mdomo wake, si tabia yake. Muda si mrefu aliacha deki, akahamia mtaa ambao hakuna aliyemjua, akapanga chumba cha mbele kwenye nyumba ya bibi mmoja mjane, akabandika mlangoni picha kubwa ya taya, akajiita daktari wa meno. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kiasi cha kumtia mtu aibu, kama anayo. Alikata vipande vya chupa za maji, akavilainisha kwa maji ya moto, akavikunja juu ya mgongo wa kijiko, na hapo kinyooshi cha meno kikawa tayari. Mtoto alitakiwa akivae saa nzima kila jioni bila kusema neno. Kina mama walikipenda hata kabla jino halijasogea, kwa sababu ya ile saa nzima.

Utamu ulikuwa kwenye malipo. "Leo nipe nusu," alikuwa akisema kwa unyenyekevu wa mtu anayetoa sadaka. "Nusu ya pili utanipa ukishaona kwa macho yako jino limerudi kwenye mstari. Lisiporudi, sitaki hata senti." Nani angemshuku mtu wa namna hiyo? Tena alijua kuchagua. Meno ya chini ya mbele yaliyochomoza juzi juzi, hayo aliyapokea kwa mikono miwili. Mtoto mwenye shida ya kweli, ambaye chonge limeota juu kabisa ya ufizi na taya limebana, alimrudisha kwa upole. "Huyu bado, mama. Mlete mwakani." Mwakani yeye angekuwa mji mwingine, na mtoto angekuwa amepoteza mwaka mzima wa kutibiwa. Jambo hilo halikumkosesha usingizi hata kidogo, na hapo ndipo unapomjua mtu.

Wazazi nao, tuseme ukweli, walijitakia. Hakuna aliyeuliza kama mtoto anatafuna vizuri. Waliuliza kama atatoka vizuri kwenye picha. Mke wa fundi magari, mwenye watoto wanne, alinunua vinyooshi vinne, kimoja kikiwa cha mtoto ambaye meno yake hayakuwa na neno lolote, ili majirani wasije wakasema anabagua.

Aliyesumbua ni mwenye nyumba peke yake. Bibi huyu alikuwa bahili wa kujulikana. Alizima taa ya korido wakati mgeni bado anatafuta viatu vyake. Alikuwa na wajukuu mapacha, wote wawili meno yamepanda nyuma kwa namna ile ile.

"Shikamoo, mama," Sukari alimpokea.

"Marahaba, daktari. Nipe kimoja."

"Kimoja? Si wako wawili, mama? Nitakupunguzia."

"Kimoja. Kikimfaa huyu, nitarudi kwa ajili ya mwenzake."

Sukari alimpa kimoja, akicheka moyoni.

Miezi ikapita. Ndimi za watoto zilifanya kazi yao bila mshahara, meno yakaja mbele, na Sukari akawaita kina mama wote Jumapili moja asubuhi waje kumalizia nusu zao. Nusu za kwanza zote zilikuwa kwenye mkoba begani mwake. Tiketi ya basi la mchana ilikuwa mfukoni. Alichotaka ni kupata hizi za pili juu ya zile za kwanza, kisha mtaa ule usimwone tena.

Chumba kilijaa hadi kibarazani. Watoto walikenua, mama zao wakalipa, wengine kwa machozi. Mke wa fundi magari alilipia wanne wote, akamshika daktari mkono kwa muda mrefu. Kila mtu alipokwisha kulipa, mwenye nyumba akaingia na mapacha wake.

"Kenueni," aliwaambia. Wakakenua. Meno yalikuwa yamenyooka kwa wote wawili.

"Hongera, mama," Sukari alisema.

"Ahsante. Sasa hebu nieleweshe. Huyu alivaa. Huyu mwenzake hakuvaa hata siku moja."

Mtu mwingine angekimbia, lakini Sukari hakuwahi kukutana na shimo ambalo mdomo wake haukumtoa.

"Mama, umegusa siri ambayo madaktari wengi hawaijui," alisema taratibu. "Kinyooshi hakifanyi kazi kwenye jino. Kinafanya kazi kwenye damu. Hawa ni damu moja. Mmoja akivaa, mwenzake anapokea."

Watu waliguna kwa kuridhika, na waliokuwa mlangoni wakawapasha habari wa nje. Sukari akajisikia fahari. Bibi naye akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi aliyeelewa somo.

"Kwa hiyo kimoja kinatosha nyumba nzima," alisema, kwa sauti iliyofika kibarazani.

"Kwa kiasi fulani, mama."

"Daktari," mke wa fundi magari alisema, na sasa hakuwa akitabasamu. "Mimi uliniuzia vinne."

Sukari alipiga hesabu haraka. Akisema damu haipokei, basi kinyooshi ni chupa ya maji na kila mtu atadai chake chote. Akisema inapokea, basi vitatu kati ya vile vinne vilikuwa wizi. Alichagua hasara ndogo, kama mtu mwenye akili. Akafungua mkoba, akamrudishia mama yule fedha za vitatu.

Hakujua anashughulika na watu gani. Mkoba ulipofunguka tu, akaja mwenye watoto wawili, akaja mwenye watatu. Wakaja mtu na dada yake. "Sisi baba mmoja, mama mmoja. Watoto wetu si damu moja?" Mabinamu wakafuata. Mama mmoja akakumbuka ghafla kwamba bibi yake na bibi wa jirani walitoka nyumba moja, na majirani hao wawili, ambao hawakuwa wakisalimiana tangu wagombane kwa ajili ya kamba ya nguo, wakakumbatiana mbele ya watu wakiitana ndugu. Sukari alitazama mlangoni. Bibi alikuwa ameuziba.

"Wape haki yao, daktari," alisema. "Wote hawa ni jamaa."

Watu walipoisha, mkoba nao ulikuwa umeisha, na basi lilikuwa limekwenda zake. Sukari aliketi kwenye kiti cha wagonjwa.

"Ulijua," alimwambia bibi.

"Mapema tu. Huyu asiyevaa alinyooka kabla ya mwenzake."

"Ungeniambia basi, tugawane."

"Tugawane?" Bibi alishangaa kweli kweli. "Mwanangu, mimi ni mtu wa kugawana?"

"Na wao mbona hukuwaambia ni uongo?"

"Wangeacha kuamini," bibi alisema. Akavuta boksi la vinyooshi vilivyobaki, akaliweka kwapani. "Chumba nakitaka leo."

Kesho yake Sukari alipita pale akitafuta mtu wa kumkopesha nauli. Foleni ilikuwa imetoka nje ya geti, na bei ilikuwa mara tatu ya yake, inalipwa yote papo hapo. Aliyekuwa mbele kabisa ni mke wa fundi magari.

"Ninacho tayari, mama," alikuwa akimwambia bibi. "Kile kile kimoja cha damu."

"Hicho kilikuwa cha mtoto mmoja," bibi alimjibu. "Yule kijana alikuwa tapeli. Chukua hiki, hiki ndicho cha nyumba nzima."

Mke wa fundi magari akafungua pochi.