Nilivyomsaidia Sista Kidonge

Jumatatu, 3 Machi

Leo binti yangu ameanza kazi. Muuguzi! Miaka kumi na tisa, cheti mkononi, wodi ya wanaume. Kwake si ajabu. Akiwa mdogo alimfuata kaka yake hadi darasani, akakaa, na hakuna aliyekumbuka kumtoa. Tangu hapo yuko mbele ya umri wake. Nyumbani tunamwita Kidonge kwa sababu ya umbo. Hakurefuka sana. Hilo amelitoa kwangu, na ameshanisamehe.

Sare nilimshonea mwenyewe. Nani mwingine? Mimi ni fundi cherehani, na riziki yangu kubwa ni sare za shule. Nikakata, nikashona, nikapiga pasi mara mbili. Asubuhi akaivaa, akatoka chumbani.  Mabega yako kwenye viwiko. Pindo liko kwenye vifundo vya miguu. Mama watoto akaniuliza kwa upole kama hii ni nguo au hema. Ndipo nikang'amua. Mkono umezoea! Nilimwachia nafasi ya kukulia, kama ninavyowaachia watoto wa darasa la kwanza ili wazazi wao wasirudi mwaka ujao. Mama watoto akataka kujua huyu atakulia mpaka wapi.

Kidonge akacheka, akakunja mikono ya sare, akabana kiuno kwa pini, akaniambia baba, imependeza. Uongo mtupu. Aibu ya kwanza ya wiki, na chai sijanywa.

Fundi viatu, jirani yangu wa barazani, alimwona akipita. Akaniuliza shuleni kwao leo kuna maigizo? Nikamwambia huyo ni muuguzi kamili. Akasema hongera sana jirani, hata mjukuu wake ni rubani, ana ndege mbili za karatasi. Sikumjibu. Jibu zuri limenijia sasa hivi, lakini ameshafunga.

Jumanne, 4 Machi

Kidonge amerudi kimya. Mtoto huyu hanyamazi hata akipiga mswaki! Nikamzungukazunguka mpaka akasema. Wagonjwa wanamkataa. Kitanda cha dirishani yupo mwalimu mkuu mstaafu mwenye kidonda mguuni. Alipokwenda kumsafisha, mzee akavuta shuka hadi kidevuni, akamuuliza yuko darasa la ngapi, akamwagiza akamwite mtu mzima. Wodi nzima ikamwiga. Mmoja alimpa pipi.

Sista Mkubwa, anayeiongoza wodi, si mtu mbaya, ila hana muda. Amesema atasubiri hadi Ijumaa. Wakiendelea kumkataa, atampeleka stoo ya mashuka, akunje mashuka hadi hapo atakapoonekana mkubwa.

Mashuka! Miaka yote ile ya chuo! Alijifunza kuchoma sindano kwenye machungwa mpaka nyumba hii ikawa haina chungwa lisilovuja!

Akasema watamzoea, mimi nisifanye kitu. Nikasema sawa. Akanitazama. Akarudia: baba, usifanye kitu chochote. Inauma mtoto kukujua kiasi hiki.

Jumatano, 5 Machi

Sikufanya kitu. Niliipunguza sare tu. Hilo si kitu, ni kazi yangu. Nilidamka kabla yake, nikabana mabega, nikabana kiuno, nikabana kwapa. Akaivaa, akasimama wima mbele yangu kama askari wa gwaride. Safi! Mtu mzima kabisa! Mama watoto mwenyewe akasifu. Nikavimba kichwa.

Ila muuguzi hasimami hivyo. Muuguzi anainama, ananyanyua, anatundika. Kidonge kapandisha mkono kutundika dripu, mkono ukagoma njiani. Akaulazimisha. Kwapa likaachia, praa! Mpaka kitanda cha mwisho walisikia. Mwalimu Mkuu akasema taratibu mwanangu, sare za shule ni ghali siku hizi. Dripu akaitundika Sista Mkubwa.

Kidonge amenisimulia haya bila kunilaumu. Afadhali angenilaumu. Kisha akachukua sindano na uzi, akaanza kushona kwapa lake mbele yangu, mimi fundi. Nikamwomba nimsaidie. Akasema asante baba, ameweza. Nimekula macho yakiwa ndani ya sahani.

Lakini kichwa kinafanya kazi. Wagonjwa wale hawana ubaya na Kidonge. Wamekosa wa kuanza tu. Anatakiwa mgonjwa mmoja, mtu mzima, mwenye heshima zake, amkubali hadharani. Wengine watafuata. Mgonjwa wa namna hiyo atatoka wapi?

Hm.

Alhamisi, 6 Machi

Ninaandika haya nikiwa kitandani. Si kitanda changu.

Mpango ulikuwa mzuri. Bado nasema ulikuwa mzuri. Nilimuaga mama watoto kwamba nakwenda kununua nyuzi. Nikaenda hospitali, nikasema tumbo. Nilichagua tumbo kwa sababu mtu hawezi kuchungulia ndani. Daktari akabonyeza hapa, nikalia. Akabonyeza pale, nikalia. Akainua mkono kutazama saa, nikalia. Labda nilitia chumvi. Akakunja uso, akaamuru nilazwe, nipimwe damu. Nikavishwa lile gauni la hospitali la kufunga kamba mgongoni, limeshonwa na mtu asiyewapenda watu. Na bahati ilivyonipenda, nikapewa kitanda jirani na Mwalimu Mkuu!

Kidonge akaingia na trei yake. Akaniona. Sijawahi kuona uso ukijizuia vile. Akasema habari za asubuhi mzee, tumbo limeanza lini? Mzee! Nikajibu kwa sauti ya kujaza wodi kwamba namtaka sista huyu na si mwingine, maana sifa zake zimeenea mji mzima. Mwalimu Mkuu akauliza zimeeneaje, naye hajamaliza hata wiki. Nikasema mji ni mdogo. Akanikazia macho kama msimamizi aliyeona mtu ananong'ona kwenye mtihani.

Kisha Kidonge akafunua trei, akatoa sindano.

Sasa. Mimi na sindano tumeishi pamoja maisha yangu yote. Nazishika kwa meno. Lakini zile huingia kwenye kitambaa. Hii ilikuwa inanitazama mimi. Nikapiga moyo konde. Moyo haukukubali. Pamba yenye dawa ya baridi iliponigusa mkono, nikasikia mtu anapiga kelele: Kidonge, mwanangu, usimuue baba yako! Nikajiuliza ni nani huyo asiye na haya. Nilikuwa mimi. Na nilikuwa nimeshatoka kitandani, nimejibanza kwenye kona nyuma ya pazia. Kamba za mgongoni zilikuwa zimefunguka. Pazia halikutosha.

Walicheka! Mwenye mshono tumboni aliomba tumwonee huruma. Mwalimu Mkuu peke yake hakucheka. Alisema tu, polepole: kumbe hata baba yake hamtaki.

Hilo ndilo lililonichoma. Wengine walimkataa kwa kutomjua. Mimi nimewapa sababu. Sista Mkubwa akamuuliza Kidonge, mbele yangu, kama mchezo huu tumeupanga pamoja. Kidonge akasema hapana, macho sakafuni. Nikaapa kwamba ni mimi peke yangu, siumwi popote, niacheni niende zangu. Daktari akaitwa. Akasema anawajua wa aina yangu, wote hupona ghafla wakiona sindano. Mtu aliyelia vile lazima apimwe. Sitoki mpaka damu itoke.

Mama watoto amekuja saa ya kuona wagonjwa. Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kamba. Akauliza nyuzi ziko wapi.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi Sista Mkubwa kaingia na ufunguo wa stoo ya mashuka mkononi. Niliuona. Kidonge naye aliuona. Sikuwa na pa kuuweka uso wangu, nikauweka chini ya mto.

Sista Mkubwa akasema damu ya mzee huyu ataitoa mwenyewe, tumalize vituko. Kidonge akamwomba kwa adabu amwachie, bado ni mgonjwa wake. Akavuta kiti. Hakunigombeza, hakunibembeleza. Akasema mzee, kuna mtu anaumwa kweli anakisubiri kitanda hiki, keti tafadhali, nipe mkono. Nikaketi. 

Akasema kuna kitu kinamtatiza siku nyingi: kola ya shati inashonwaje mpaka ncha zake zikae kali? Nikashangaa. Binti yangu hajawahi kuniuliza habari za kola. Nikamwambia siri ni kupunguza kitambaa cha ndani pale kwenye kona kabla ya kuigeuza. Akauliza kipunguzwe kiasi gani. Nikasema kidogo sana, ukizidisha kona itatoboka. Akauliza unageuza kwa kidole? Kidole! Nikamwambia kwa kijiti butu, na asikubali kudanganywa na wale wanaotumia ncha ya mkasi, unasukuma polepole, hivi, huku mkono mwingine...

Akasema asante mzee, tumemaliza. Nikatazama. Pamba iko mkononi, damu iko kwenye kichupa. Sikuhisi kitu.

Wodi nzima ilikuwa ikitazama. Mwenye kikohozi alikimeza. Kisha nikasikia shuka linavutwa. Mwalimu Mkuu ametoa mguu nje! Akatangaza, kama anayesoma matokeo, kwamba amefundisha watoto watundu maisha yake yote, lakini mtu mzima mtundu kama huyu jirani hajapata kumwona, na aliyemweza huyu hashindwi na kidonda. Akaongeza: sista, polepole pembeni, kunauma. Sista! Kasema sista!

Sista Mkubwa akaurudisha ufunguo mfukoni, akaendelea na kazi zake.

Mimi nimeruhusiwa. Damu yangu ni safi. Nimerudi nyumbani nikitembea kandokando ya kuta.

Kidonge aliporudi alikuja kukaa karibu yangu. Akaniambia mgonjwa wa kitanda cha mlangoni alikuwa ameshamkubali Alhamisi asubuhi, kabla sijafika. Na wa pili yake alikuwa ameanza kulainika. Angewapata wote, mmoja mmoja. Akasema: nilikuomba kitu kimoja tu, baba. Hakupandisha sauti. Nilifungua mdomo nimwombe radhi, kikatoka kikohozi. Akanipigapiga mgongoni, kikazi kabisa, akauliza kama nataka maji.

Nimeona aibu nyingi wiki hii. Hii ndiyo haicheki na mtu. Nimemwambia sitaingilia tena kazi yake, na nilipokuwa nasema nilimaanisha kila neno.

Jumapili, 9 Machi

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Nani hasa aliyemfanya Mwalimu Mkuu atoe mguu? Bila mgonjwa mbishi, wodi ingejuaje kwamba Kidonge anawaweza wabishi? Kwa hiyo mpango ulifaulu. Ulipitia mlango wa nyuma tu. Nilimweleza fundi viatu hivyo. Akaniomba, kama namjali, siku akipatwa na shida nisimsaidie.

Aibu bado ipo, sikatai. Leo njiani mtu nisiyemfahamu kaniuliza tumbo linaendeleaje, kisha akanizunguka taratibu kutazama mgongo wangu.

Mchana tukiwa mezani Kidonge akasema mwezi ujao wanamhamishia wodi ya wazazi. Wenzake wamemwonya kwamba huko ndiko kugumu zaidi. Kina mama wenye uchungu hawataki kabisa kushikwa na msichana ambaye hajazaa. Nikaweka kijiko chini. Kidonge akasema baba, hapana. Mama watoto akasema baba watoto, hapana. Na sikuwa nimetamka hata neno!

Wametoka kidogo kuwasalimu jamaa. Nyumba imetulia. Nimejipima kiuno mbele ya kioo, kwanza bila mto, halafu na mto. Na mto ni miezi saba kamili.

Tatizo ni ndevu tu.