Kipoza Chenye Koki

Jumatatu, 3 Juni

Mashine imezimika tena jana. Katikati ya hadithi! Binti yangu, tunayemwita Bibi Mdogo kwa sababu ya amri zake, amejua kusoma mwaka huu. Kila Jumapili ananisomea kurasa chache kwenye skrini, yeye nyumbani, mimi huku mbali kwenye mabomba ya watu. Kitabu ni cha kobe aliyekwenda kutafuta maji. Jana kobe katumbukia kwenye kisima kikavu, na papo hapo kompyuta ikafa. Moto! Ungeweza kunyooshea kola ya shati.

Mke wangu akapiga baadaye kwenye simu yangu ndogo ya vibonye. Alisema Bibi Mdogo ametoa tamko: Jumapili ijayo anamaliza kitabu, na baba akizimika tena, kuanzia hapo msikilizaji ni mjomba wake. Shemeji yangu! Mtu anayesinzia hata akiwa anatafuna.

Nimepita kwa fundi wa kompyuta, yule tunayemwita Miwani. Kaifungua, kaguna. Feni ya kupozea imekufa, na mashine hii, niliyoinunua kwa mwanafunzi mpenda michezo ya magari, ina moyo wenye joto kali. Akashauri nipoze kwa maji. Njia ni mbili, akasema. Kuna kipoza kilichofungwa kiwandani: pampu, mirija na rejeta ya kupozea maji, vyote kitu kimoja, unakaza skrubu, unasahau. Kikifa, unatupa chote. Na kuna cha kuunga mwenyewe, kipande kwa kipande. Kinapoza vizuri zaidi, na kikiharibika unabadilisha kilichoharibika tu, lakini kinataka kuongezwa maji, kusafishwa, kuchungwa kama mtoto anayetambaa. Akaviangalia viatu vyangu vyenye saruji. Cha kuunga, akasema, si cha kila mtu.

Si cha kila mtu! Mimi! Jengo zima tunalojenga litakunywa na kujisaidia kwa mikono yangu. Uamuzi ulipita pale pale.

Jumanne, 4 Juni

Brashi, mpaka rangi ninayeishi naye chumba kimoja, anasema ninunue kilichofungwa. Hoja yake: kitu kikishafungwa, mjinga hana pa kuingizia mkono. Nimemuuliza mjinga ni nani. Kageukia ukuta.

Moyoni nilikiri kwamba ana neno. Jumapili haiko mbali. Kisha nikakumbuka Miwani alivyoviangalia viatu vyangu, na neno la Brashi likaisha nguvu.

Vifaa. Kibamba cha shaba kinachokaa juu ya moyo wa mashine nimenunua kwa Miwani. Pampu ilikuwa ya tangi la samaki la mama mwenye nyumba. Samaki wenyewe walishatangulia mbele ya haki. Rejeta ni ya pikipiki iliyogongwa, nimepewa gereji. Mirija ndiyo ilikosekana. Tena lazima iwe ya kuonyesha ndani, nione maji yakipita, la sivyo raha iko wapi? Nimeazima mrija wa mwashi wetu, ule anaoujaza maji kupimia usawa wa kuta. Nimeazima kwa maana ya kwamba mwenyewe bado hajui.

Jumatano, 5 Juni

Nimeunga! Kazi safi. Rejeta haikuenea ndani ya boksi la kompyuta, kwa hiyo nimeitundika ukutani juu ya kitanda cha Brashi, upande wenye hewa. Brashi ametangaza kwamba mwenye nyumba akiuliza nani kaingiza pikipiki chumbani, yeye hamo.

Nimeweka na koki. Brashi akauliza ya nini. Swali la mpaka rangi! Bomba bila koki ni nyumba bila mlango. Siku ya kubadilisha maji utafungulia wapi? Kweli, Miwani alisema pa kumwagia maji pawe chini kabisa, mbali na umeme. Mimi nimeiweka juu ya boksi, usawa wa kiwiko. Nainama kutwa kazini. Nyumbani siinami.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepima kama tunavyopima kazini: magazeti chini, pampu inazunguka peke yake, mimi nikaenda zangu kibaruani. Nimerudi, magazeti makavu. Hata tone! Nikawasha kompyuta yenyewe. Nikakaa nayo mpaka chakula kikapoa. Baridi kama mtungi.

Nikamwandikia mke wangu ujumbe palepale, kwa furaha. Niliishia darasa la tano lakini ujumbe nauweza. Naunakili hapa, maana umekaa vizuri:

"Mke wangu, nimepooza. Mirija imeingia vizuri na maji yanapita. Joto limekwisha, ukigusa ni baridi. Fundi alisema si kila mtu anaweza, ila mimi nimeweza. Sitazimika tena. Jumapili nitakuwepo. Mwambie Bibi Mdogo asiogope."

Nikainuka kutazama kiwango cha maji, simu ikaponyoka mfukoni, chubwi, ndani ya ndoo. Nimeizika kwenye mchele. Haidhuru. La maana limeshafika.

Ijumaa, 7 Juni

Kazini ukuta wa ghorofa ya tatu umesimama. Mwashi hana mrija. Kawashuku wapiga ripu, kawashuku mafundi umeme, kamshuku mpaka mlinzi. Nimemsaidia kutafuta. Nimetafuta kwa bidii kuliko wote.

Jioni Brashi kanieleza kwamba mke wangu alimpigia yeye, kwa kuwa simu yangu haipatikani. Aliuliza habari zangu, na Brashi, mtu wa kweli, akamwambia kila kitu: chumbani tangu jana nimekaa tu kitini, sisogei, sasa maisha yangu yote yako kwenye mashine, ila ashukuru Mungu maji yanaingia na kutoka bila shida.  Brashi anasema sauti ya mke wangu ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye mafua, kisha simu ikakatika.

Mafua yanasumbua msimu huu. Namwonea huruma.

Jumamosi, 8 Juni

Nimebainika. Mwashi kaja kuomba nyundo, macho yakaenda moja kwa moja kwenye mirija. Aliijua kwa alama yake ya rangi nyekundu. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kitanda cha Brashi, chini ya rejeta, akaniuliza polepole kama nafahamu kwamba msimamizi amemwita mzembe mbele ya vibarua kwa sababu ya mrija huu, na kwamba anautaka sasa hivi.

Sikuwa na uongo ulio tayari. Nikamwambia ukweli: binti yangu, kitabu, kobe, kisima, shemeji.

Mwashi ana watoto wake mbali vilevile. Alikuna kidevu.

"Kwa hiyo kobe yumo kisimani tangu Jumapili?"

"Yumo."

"Na wewe kazini unacheka na watu?"

Tumekubaliana. Mrija anauchukua Jumatatu alfajiri, lakini kesho na yeye anakuja kusikiliza. Hawezi kumwacha kobe mahali kama pale.

Jumapili, 9 Juni

Naandika miguu ikiwa imelowa.

Tulikaa watatu mbele ya skrini: mimi katikati, Brashi kushoto, mwashi kulia upande wa koki. Picha ikafunguka. Si Bibi Mdogo! Uso mzima wa mama mkwe. Nyuma yake majirani. Mke wangu macho yamevimba. Shemeji kakaa na begi limefungwa kati ya magoti, tayari kwa safari.  Nikadhani kuna msiba. Nikasimama kuweka kamera sawa, na upande wa pili wakapiga yowe.

"Mkwe wangu," akasema mama mkwe, "hebu simama tena."

Nikasimama. Akaniamuru nitembee. Nikaenda hadi mlangoni na kurudi, chumba hiki hakina safari nyingine. Akaniamuru niinue mikono. Nikainua. Hapo akalia, akamshukuru Mungu, kisha akanitukana vizuri sana, kwa utaratibu, kuanzia kichwani kushuka chini.

Mke wangu akasoma ujumbe kwa sauti. Kinywani mwake niliusikia upya. Nilitaka kusema nimepoza. Nimeandika nimepooza. Mikono na miguu! Mirija imeingia, maji yanapita, ukigusa ni baridi. Na Brashi naye akapigilia msumari: hasogei, maisha yake yako kwenye mashine. Nikamgeukia Brashi. Alikuwa anachunguza rangi kwenye kucha.

"O moja, mume wangu," akasema mke wangu. "Moja tu. Chakula hakinipiti kooni kwa ajili ya o yako." Kisha akacheka, huku anafuta machozi, na mimi nikamtazama nikasahau niko wapi.

Shemeji alikuwa anakuja kunibeba. Alisema angenibeba mgongoni. Kwa kweli, mtu huyo nimemsema sana.

Bibi Mdogo akajipenyeza mbele. Akasema yeye aliwaambia tangu Alhamisi kwamba baba hajui herufi, wakamwambia anyamaze. Akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye mstari. 

Anasoma vizuri, mtoto wangu! Kobe kisimani anaita. Sungura anachungulia, anacheka, anakwenda zake. Fisi anataka kujua kwanza kama kobe amenona. Mwashi akaanza kupumua kwa nguvu. Akaja chura. Mwashi akasogea, akainama, akaegemea kiwiko.

Juu ya koki.

Koki yangu ni laini, nakaza kazi zangu vizuri, inafunguka kwa kuguswa. Maji yakashuka ndani ya mashine. Ikakohoa. Giza. Neno la mwisho lilikuwa "kobe akamwambia chura".

Tulikaa tu. Mwashi aliomba radhi, akaomba tena. Mimi nilikuwa namwona shemeji kashika nafasi yangu, anasinzia. Ndipo simu ya Brashi ikalia.

"Baba, umezimika?"

"Nimezimika, mama."

"Basi sikiliza."

Akasoma. Vichwa vitatu juu ya simu moja, miguu kwenye dimbwi. Kobe akamwambia chura: usinivute, nitakuvunja, leteni maji. Na wanyama wote wakaleta maji, hata sungura kwa aibu, wakayamimina kisimani, na kobe akaelea, akapanda, akapanda, mpaka ukingoni. Mwisho. Kisha akarudia kitabu chote tangu mwanzo, kwa amri yake mwenyewe. Simu haikukatika hata mara moja. Mwashi alisema machoni mwake mna saruji.

Unaona, nikamwambia Brashi. Maji!

Jumatatu, 10 Juni

Mwashi kachukua mrija wake, ukuta unapanda. Kauliza kitabu kijacho ni cha mnyama gani.

Miwani kaifungua mashine, kaikausha, haijafa. Kaniambia tena ninunue kipoza kilichofungwa kiwandani. Brashi kasema bora nisikilize kwenye simu tu, mbona jana sauti ilitosha. Watu hawaoni mbali. Kosa halikuwa la cha kuunga! Kosa ni koki moja. Zinatakiwa mbili, moja imlinde mwenzake.

Na kwenye rafu ya Miwani nimeona pampu. Pampu! Imetulia, haiungurumi kama ile ya samaki. Nimeshika, nimeizungusha, naichukua Jumamosi. Simu imetoka kwenye mchele ikiwa hai, nikamwandikia mke wangu mara moja, maana baada ya jana anastahili habari njema:

"Mke wangu, nimeoa leo kwa fundi. Mpya kabisa. Kelele hakuna, si kama zamani. Jumamosi naleta ndani. Mwambie na mama afurahi."

Safari hii nimehesabu o kabla ya kutuma. Moja tu. Mtu hujifunza.