Mishipa Yangu na Kiti cha Dirishani

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji, kaka yake mke wangu, kaja kukaa kwetu. Miaka sitini na moja, begi moja, baiskeli moja. Hata begi hajatua, kakalia kiti changu! Kile cha mito, pale dirishani. Sebule nzima ndicho kiti pekee cha maana. Nikamwambia hicho cha mwenye nyumba. Akasema kiti kizuri ni cha mzee. Mimi wa arobaini na saba bado kijana, nikae kwenye kigoda. Nimekula magoti yamefika masikioni. Mke wangu kacheka mpaka kapaliwa.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji kachaguliwa kliniki! Kuna daktari anafanya utafiti, anapima vijana wa chini ya thelathini na wazee wa sitini kwenda juu. Unavuta hewa pungufu kwenye barakoa, kama uko kileleni mwa mlima, yeye anatazama mishipa ya damu ya mkono. Mishipa yenye nguvu ikiona hewa haitoshi inapanuka upesi, damu ipite kwa wingi. Ikizeeka inajivuta. Shemeji anaringa utadhani kachaguliwa bungeni. Nikaweka dau: mishipa yangu ikiishinda yake, anahama kitini. Akasema akishinda yeye, anachukua na kigoda. Mke wangu shahidi.

Tatizo: wa arobaini na saba hawatakiwi. Tatizo dogo. Jikoni kuna unga.

Jumatano, 5 Machi

Unga wa ngano kichwani, kidogo kwenye nyusi. Mgongo nimeupinda. Mkongojo: mpini wa ufagio. Daktari, mwanamama wa rika langu kabisa, kanipa shikamoo! Nikaitika marahaba kwa sauti ya kutetemeka mpaka nikajihurumia. Nimeandikisha sitini na tatu. Akaniuliza kama hizi mba zinanisumbua muda mrefu. Nikasema tangu ujana.

Barakoa usoni, mafuta baridi mkononi, kidude cha kubana kidoleni. Nafinya kimpira, nahema, moyo unapiga ngoma. Kwenye skrini naona mshipa wangu, mweusi kama bomba. Nikaubembeleza kimoyomoyo: panuka, baba, panuka! Kiti hicho!

Nimelala na furaha. Shemeji ataniwezea wapi?

Alhamisi, 6 Machi

Majibu! Mishipa ya shemeji imefunguka chapuchapu kama ya kijana. Daktari anadhani ni ile baiskeli. Yangu imejikokota. Akanishika bega, akanituliza: nisihofu mzee, kwa miaka sitini na tatu ndivyo inavyokuwa.

Ndivyo inavyokuwa! Nimedanganya umri, mashine ikaniunga mkono!

Nilitaka kulalamika. Nilalamike nini? Nikasema ahsante mwanangu, nikatoka na mpini wangu, nikavuta sigara mbili kupoza moyo.

Jioni shemeji kajiachia kitini, miguu juu ya kigoda. Mimi sakafuni na paka. Paka kahama.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeamka na akili mpya! Si alisema mwenyewe kiti ni cha mzee? Nikatandaza karatasi mbili za majibu mbele ya mke wangu. Ya shemeji: mishipa ya kijana. Yangu: mzee mtupu. Nikauliza, sasa mkubwa humu ndani nani? Shemeji kacheka mpaka kashika ukuta. Kasimama mwenyewe, kaniinamia, kanipa shikamoo! Nikakaa. Makalio yamelikuta shimo lao palepale.

Mke wangu naye kacheka, halafu kanishika sikio hadi kliniki: naharibu kazi ya watu, nikaseme kweli. Nikasema. Daktari kacheka, kalifuta jina langu. Kisha kakunja uso: kwa arobaini na saba mishipa ile si ya utani. Niache sigara, nitembee kila siku, baada ya miezi mitatu anipime tena.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeanza leo leo. Kutembea nimempa shemeji, mishipa yake imezoea. Kaenda dukani kwa miguu kuniletea sigara. Kakubali, ati mzee hatumwi.

Karudi na habari: daktari kapungukiwa kijana mmoja wa chini ya thelathini.

Nimekaa kitini, nimewaza. Kosa langu nimeliona. Mishipa inafuata nywele! Nilipaka unga, ikazeeka. Sufuria zetu zina masizi meusi tii. Jumatatu asubuhi mishipa hii ina miaka ishirini na tisa.