Moja Saba na Kurasa Zilizogandana

Jamani, leo nimeaibika mbele ya watu kumi na wanne, na ubao ukiwa shahidi.

Mnanijua: mrina asali wa Isikizya, elimu darasa la saba, hesabu nimejifundisha mwenyewe. Mjini Tabora kuna darasa la Jumamosi la watu wazima wanaorudia mtihani wa kidato cha nne. Wanatafuta mwalimu wa hesabu. Msimamizi wao, Mwalimu Nyamizi, mstaafu asiye na utani, aliniambia nije leo nifundishe somo moja, kisha ataamua. (Nafasi hiyo nimeiomba miaka mitatu.)

Nikachagua namba 1,111,111, moja saba mfululizo. Nilitaka kuwathibitishia kuwa ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Inatosha kuigawa kwa namba tasa zote zisizozidi 1,054, kwani 1,055 mara yenyewe tayari inaipita. Ziko 177. Niliziorodhesha kwenye daftari, nikaacha nafasi chini ya kila moja, nikagawa kwa mkono wiki mbili, kati ya kuchuja ndoo moja ya asali na nyingine. Kila mara ilibaki baki.

Asubuhi sikutulia. Nilibadilisha shati mara mbili. Kwenye bodaboda nikawa nanong'ona hesabu, dereva akaniuliza kama nasali.

Somo likaenda vizuri. Nikanogewa. Nikatangaza kwamba atakayeipatia kigawanyo, namba ya kuigawa bila baki, nitampisha ubaoni afundishe yeye, nikalizungusha daftari wajionee.

Likaishia kwa dada Shija, fundi cherehani.

"Mwalimu, kurasa hizi zimegandana."

"Asali tu hiyo," nikamwambia. "Wewe endelea mbele."

Hakuendelea. Akapitisha rula katikati, taratibu, kama anayefumua mshono. Kurasa mbili zikaachana. Namba nane zimeandikwa vizuri, na chini ya kila moja ni peupe.

(Kila hesabu niliikagua mara mbili. Kurasa sikuzihesabu.)

Mwalimu Nyamizi akauliza kwa upole, "Na hizi uligawa kwa kichwa?"

Nikajitetea kwamba nane kati ya 177 si kitu, nazimaliza hapo hapo ubaoni. 229: baki 3. Nikapumua. 233: baki 167. Nikaanza hata kutabasamu. 239: nikashusha tarakimu ya mwisho, baki sifuri. Nikafuta, nikarudia. Sifuri. Inaingia mara 4,649 kamili.



"Mwalimu," Shija akasema, "nipishe."

Nikampisha. Akamalizia somo langu kwa dakika mbili, nami nimekaa kwenye kiti chake, magoti yamegusa kidevu.

Mwishoni nikamfuata Mwalimu Nyamizi kumuomba radhi. Hakutaka kuisikia.

"Nafasi ni yako, baba. Hawa hawajawahi kusikiliza hesabu namna hii. Ila daftari atalikagua Shija kwanza."

Kwa hiyo nimepata darasa na mkaguzi siku moja. Msinicheke bado, zimebaki namba tano kwenye zile kurasa. Najua hazibadilishi kitu tena, lakini sitatulia mpaka nizigawe.